Umeachika Mtwara, Pemba ya Msumbiji bado ni mke wa mtu: nani anawadanganya watu hivi?

Wakuu, uzi huu ni wa wenye ndoa iliyoweka mguu mmoja huku na mwingine ng'ambo ya Ruvuma, na ndoa yenyewe imeshakufa. Ushauri unaotolewa vijiweni, na mwingine na watu wanaolipwa kuutoa, unawamaliza watu.

Mume kaandika talaka, mashahidi wawili wametia sahihi, mhuri umegongwa, mtu anaikunja karatasi anaingia nayo ofisi ya ardhi. Haina kazi pale. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa inavunjwa na mahakama. Talaka ya Kiislamu iliyotolewa baada ya baraza la usuluhishi wa ndoa kushindwa kuwapatanisha inaibana mahakama itoe amri ya kuvunja ndoa, lakini machoni pa serikali amri hiyo ndiyo talaka.

Halafu mabaraza. Jamani! Kinachotakiwa ni Fomu Namba 3 inayosema baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Barua ya "YAH: MGOGORO WA NDOA" yenye mhuri wa kata si hati. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, ikiwa imeketi hapahapa Mtwara, ilifuta mwenendo mzima wa shauri la talaka kwa sababu halikuwa na hati halali ya baraza. Watu wamepanda ngazi zote, wamelipa mawakili, wanarudishwa sifuri kwa karatasi moja. Na hata hati nzuri, ukiikalia zaidi ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri, imekufa.

Kinachoniudhi zaidi: mwenzako karudi Pemba, simu hapokei. Baraza linampangia tarehe, hatokei, linapanga nyingine, mwaka unakatika. Someni kifungu cha 101 cha Sheria hiyo ya Ndoa! Mlalamikiwa akiwa anaishi nje ya Tanzania na hakuna dalili ya kuingia nchini ndani ya miezi 6 baada ya maombi, huhitaji kupita barazani. Aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi, naye hahitaji. Aliyeitwa barazani akagoma kwa makusudi, hali ni ileile. Unaeleza hayo ndani ya maombi yenyewe, unaambatanisha ushahidi, unaendelea. Mwombaji awe na makazi ya kudumu Tanzania au awe ameishi nchini angalau mwaka 1 mfululizo kabla ya kufungua. Basi.

Tuje kwenye nyumba. Asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Wakili anayeomba "mteja wangu apewe nyumba ya Chikongola", hapa Mtwara, wakati mteja ana pasipoti ya Msumbiji amemwingiza chaka. Omba thamani: nyumba ithaminiwe na mthamini aliyesajiliwa, mwenzako alipe sehemu yako kwa fedha ndani ya muda uliotajwa, mathalani siku 90, na akishindwa iuzwe mgawane. Ukiacha hayo maneno ya mwisho utahangaika na kukaza hukumu mpaka uchoke. Wala asikutishe mtu na risiti za saruji, kwani kazi za nyumbani ni mchango na Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo tangu 1983. Na kabla ya yote weka zuio kwa msajili wa hati. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, ila msajili hawezi kujua kuna mwenzi kama hukumwambia.

KODI sasa. Chukua nyumba iliyogharimu milioni 40 kununua kiwanja na kujenga, leo ina thamani ya milioni 90. Faida ni milioni 50. Mkazi hulipa asilimia 10, yaani milioni 5. Asiye mkazi kikodi hutozwa kiwango kikubwa zaidi. Hapa uraia hauhusiki: Mtanzania asiye na makazi ya kudumu hapa, akawa nje muda mwingi kiasi cha kukosa siku 183 za mwaka au wastani wa zaidi ya 122 kwa miaka 3, anaweza kujikuta kwenye kiwango hicho kikubwa. Nyumba uliyoimiliki miaka 3 mfululizo na kuishi humo jumla ya miaka 3 inasamehewa, lakini faida isizidi milioni 15.

Watu hawaambiwi hili: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mali inayohamishwa kwa mwenzi au mtalaka kama sehemu ya makubaliano ya talaka au ya kutengana ihesabiwe kwa gharama yake ileile, faida sifuri, kodi sifuri. Sharti lake ni kwamba anayepokea achague hivyo KWA MAANDISHI. Usipoandika, mtu wa dirishani hakuandikii. Anafungua kikokotoo, anakata.

Msishangilie sana lakini. Anayepokea anarithi ile milioni 40. Akija kuuza kwa milioni 100, kodi ni ya faida ya milioni 60, kwa hiyo dai mikataba na risiti za ujenzi siku hiyohiyo ya makabidhiano. Na nyumba ikiuzwa kwa mtu baki ili mgawane, nafuu hiyo haipo, kodi inamdondokea mwenye jina kwenye hati. Amri iseme "baada ya kodi na gharama", la sivyo mmoja analipa na mwingine anaondoka na nusu kamili.

Mikorosho nayo: shamba la thamani chini ya milioni 10, lililolimwa angalau miaka 2 kati ya 3 ya mwisho, halina kodi hiyo.

#2
Mkuu, kwenye mikorosho umepita mbio. Hela ya mnada wa korosho inaingia akaunti ya aliyesajiliwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Shauri likiangukia Oktoba, mwenzako anavuna na kulipwa wewe ukisubiri tarehe, au anauza kangomba, yaani kimagendo kwa walanguzi, kabla hata gunia halijafika ghalani. Omba amri ya muda inayotaja MAZAO YA MSIMU. Ikitaja shamba tu, korosho zinaondoka na shamba linabaki.

#3
Na nyumba ya Pemba je? Nina nakala ya hukumu ya Mtwara.

#4 (mleta uzi)
Dada yangu, nakala hiyo kule ni karatasi tu kwanza. Inatafsiriwa Kireno, inathibitishwa na Mambo ya Nje na ubalozi, kisha inapitiwa na kuthibitishwa na mahakama ya juu ya Msumbiji. Mpaka hapo, kwenye daftari lao la usajili bado umeolewa. Ardhi yenyewe kule ni ya serikali, haiuzwi. Mnachogawana ni jengo na haki ya kutumia ardhi, na mgeni anahitaji mradi wa uwekezaji ulioidhinishwa pamoja na miaka 5 ya ukaazi kuipata haki hiyo kwa jina lake. Hukumu yao ya fedha nayo haisajiliwi huku kirahisi, Msumbiji haimo kwenye orodha yetu ya nchi zinazobadilishana hukumu. Mkataba wa kuzuia kodi mara mbili pia hatuna nao, Zambia na Afrika Kusini tunao. Kwa hiyo tunza stakabadhi ya kila kodi utakayolipa kule, uombe ipunguzwe huku.

Hukumu yako inataja nyumba ya Pemba kwa anwani au imeandika "mali zote" tu?