Shamba la yuro 19,000 kusini mwa Ureno: bei hii inaficha nini?

Mwalimu Mstaafu, Njoro

Hamjambo nyote. Ninaandika kwa niaba yangu na binti yangu, ambaye ni muuguzi nchini Ireland. Tumekuwa tukiweka akiba pamoja, na juzi ameniletea tangazo la shamba lililoko Alcoutim, mashariki mwa mkoa wa Algarve, karibu na mto Guadiana unaotenganisha Ureno na Uhispania. Ni hekta moja na nusu, ambayo ni kama ekari tatu na robo tatu, yenye milozi, mizeituni na kibanda cha mawe kisicho na paa, na bei yake ni yuro 19,000. Fedha hizo hapa kwetu, karibu na lami, humalizwa na ploti moja au mbili za hamsini kwa mia, kwa hiyo bei hiyo imenitia shaka kabla ya kunifurahisha. Dalali anatuhakikishia kwamba nyumba ya mbao inaweza kuwekwa bila kibali kwa kuwa haina msingi, na kwamba mwenye ardhi hupewa ukaazi. Ningeshukuru kusikia kutoka kwa aliyewahi kununua huko.

Mama wa Lurambi

Mwalimu, pokea salamu kutoka Kakamega. Niliishi Loulé, hukohuko Algarve, miaka sita na mume wangu, na hayo mambo mawili uliyoambiwa na dalali ndiyo niliyoambiwa mimi pia.

Nianze na la ukaazi, kwa sababu halihitaji maneno mengi. Njia ya kupata ukaazi kwa kununua nyumba au ardhi ilifungwa na sheria ya Oktoba 2023. Mgeni anaruhusiwa kumiliki ardhi ya Ureno moja kwa moja, tofauti na hapa ambapo Katiba ya 2010 inampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99, lakini kumiliki hakumfungulii mlango wa kuingia. Hata binti yako, ikiwa bado anatumia pasipoti ya Kenya, atahitaji viza ili akalione shamba lake, kwa kuwa Ireland haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja.

La nyumba ya mbao ndilo zito. Ardhi ya Ureno huandikwa kuwa *rústico*, yaani ya kilimo, au *urbano*, yaani yenye jengo au ya kujengwa, na ipo pia iliyochanganya zote mbili, *misto*. Shamba la *rústico* lina bei ya chini kwa sababu kwa kawaida hutaruhusiwa kuishi juu yake. Sheria haiulizi kama nyumba ina msingi au ina magurudumu, inauliza kama imewekwa pale ikae. Sisi tuliweka kibanda cha mbao cha vyumba viwili, tukapanda na maua mlangoni, na mwaka wa pili tukapokea barua ya manispaa ikitutaka tukiondoe. Dalali aliyetuuzia hakupokea simu tena.

Kwa hiyo mwombe muuzaji karatasi iitwayo *caderneta predial*. Ni ya ofisi ya kodi, nayo huonyesha aina ya ardhi, ukubwa wake na thamani yake ya kodi. Kisha tazama kile kibanda kisicho na paa: je, kina nambari yake ya *urbano* na mita zake za mraba zimeandikwa? Kikiwa nayo, una la kuzungumza na manispaa kuhusu kukikarabati. Kisipokuwa nayo, umenunua mawe. Hatua inayofuata ni ofisi ya mipango ya manispaa, ambako utaonyeshwa ramani yao, wanaiita PDM. Shamba likiangukia ndani ya RAN, ambayo ni hifadhi ya udongo mzuri wa kilimo, au REN, hifadhi ya mazingira inayoshika miteremko na kingo za mito, ruhusa ya kujenga huwa ngumu sana. Shamba lililo karibu na Guadiana ningelitazama mara mbili.

Karani wa Vipimo, Nakuru Mjini

Ninaongezea jambo ambalo watu wa Nakuru hatulihitaji kufundishwa, kwa kuwa wazazi wetu walinunua hisa katika kampuni za ardhi na wengine walizeeka wakishika cheti cha hisa badala ya hati. Kusini mwa Ureno pia huuzwa sehemu ya shamba ambalo halijagawanywa: unaonyeshwa kona yenye kamba na vigingi, lakini karatasi inasema unamiliki fungu fulani la shamba zima pamoja na watu usiowajua. Soma rekodi ya *Conservatória do Registo Predial*, ndiyo masijala yao ya ardhi, uone majina yote ya wamiliki na kama kuna rehani. Mashamba mengi ni ya urithi, na warithi wote wanapaswa kutia sahihi, hata yule aliyehamia Ufaransa zamani.

Tena, mashamba madogo ya kilimo yanapouzwa, mwenye shamba linalopakana anaweza kuwa na haki ya kununua kwanza kwa bei ileile. Asipoarifiwa, anaweza kwenda mahakamani baada ya wewe kulipa. Usitoe malipo ya awali kabla wakili wako mwenyewe, asiyeletwa na dalali, hajathibitisha kwamba majirani wameandikiwa. Ukishatia sahihi mkataba wa ahadi ya kuuziana, ukijiondoa unapoteza malipo hayo, na muuzaji akijiondoa anapaswa kukurudishia mara mbili.

Jirani wa Dunga, Kisumu

Gharama si za kutisha: kodi ya ununuzi wa ardhi ya kilimo ni asilimia 5 na ushuru wa stempu asilimia 0.8, kwa hiyo hapo ni yuro 950 na 152, mbali na wakili na notari. Mtahitaji nambari ya kodi iitwayo NIF, mfano wa PIN yetu ya KRA. Binti, kwa kuwa anaishi katika Umoja wa Ulaya, halazimiki kuwa na mwakilishi wa kodi.

Ningeuliza zaidi kuhusu maji. Mapema mwaka wa 2024 serikali ilipunguza maji ya kilimo ya Algarve kwa asilimia 25 kutokana na ukame, na kisima kinachoonekana pichani huenda kilipigwa picha mwezi wa Februari. Nenda Agosti, wakati wa kiangazi chao. Mwezi huohuo utaelewa pia suala la moto: Agosti 2021 uliwaka Castro Marim, jirani na Alcoutim, na kuteketeza maelfu ya hekta.

Mwalimu Mstaafu, Njoro

Ninawashukuru sana, hasa Mama wa Lurambi kwa kutuonyesha kidonda chake. Tumekubaliana na binti kwamba hatutatuma hata senti kabla ya karatasi. Jana nilimwandikia dalali nikamwomba *caderneta predial* na nambari ya kile kibanda. Leo asubuhi amenijibu kwa upole mwingi, akaniambatishia picha nyingine tatu za machweo.