Intaneti kupitia nyaya za umeme hadi nyumba ya nyuma, Isamilo: adapta za pawalaini zitafaa?

Jabali_la_Juu ameuliza:

Habari za kazi wakuu. Nina nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja, mlimani Isamilo. Faiba inaingia nyumba ya mbele, rauta iko sebuleni, kifurushi ni cha Mbps 30. Nyumba ya nyuma iko bondeni kidogo, kama mita 25. Katikati kuna ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, halafu kuna jiwe lenyewe, haya yetu ya Mwanza, kubwa kuliko Noah. Wi-Fi haivuki. Simu inaonyesha kijistari kimoja mlangoni, ukiingia ndani kinapotea.

Kule nyuma ni ofisi: kompyuta mbili, printa, na kamera mbili za ulinzi zinazotumia Mbps 4 kila moja. Kamera zinarekodi kwenye mashine iliyopo nyumba ya mbele.

Kuchimba mfereji sitaki kusikia, ni mwamba mtupu. Nimeona dukani zile adapta za pawalaini, unachomeka moja karibu na rauta na nyingine kule unakotaka. Boksi limeandikwa 600 Mbps. Umeme wangu: LUKU moja, fezi tatu, DB (boksi la breka) iko nyumba ya mbele. Nyumba ya nyuma inalishwa na kebo ya nyuzi mbili inayopita hewani kutoka DB hiyo, na ina DB yake ndogo ya breka nne na fimbo yake ya ardhi. Je, itafanya kazi? Na hiyo 600 nitaipata?

---

FeziMoja amejibu:

Mkuu, hiyo 600 isahau kabla hujafika kaunta. Ni jumla ya kasi ya kwenda na kurudi kwenye waya, ikihesabiwa katika hali ambayo nyumba yenye watu haina. Isitoshe, adapta nyingi za kundi hilo zina tundu la LAN (la waya wa mtandao) la Mbps 100, kwa hiyo hata waya ungekuwa wa dhahabu, kompyuta haitaona zaidi ya 95 hivi. Kwa mahitaji yako si tatizo: 30 za intaneti na 8 za kamera ni 38. Ila pawalaini hupokezana, adapta moja inazungumza nyingine inasubiri, kwa hiyo 38 hizo zote zinagombea njia moja. Lenga kupata 60 halisi ili upumue.

Kitu kinachoamua ni fezi. Nyumba ya nyuma inakula fezi moja tu kati ya tatu, kwa kuwa kebo ni ya nyuzi mbili. Kama soketi ya rauta iko kwenye fezi hiyohiyo, mawimbi yanatembea kwenye waya mmoja kutoka sebuleni, yanapita DB, yanashuka nyuma. Kama ni fezi nyingine, yanayofika ni yale yanayoruka kati ya nyaya zinazolala sambamba kwenye bomba na ndani ya DB. Yanaruka kweli, kwa sababu masafa ni makubwa, kuanzia MHz 2 kwenda juu. Lakini hufika yamechoka, na kasi inaweza kushuka hadi Mbps chache.

Kujua ni rahisi. Fundi umeme aweke multimita kati ya laini ya breka ya soketi za sebuleni na laini ya breka inayolisha nyuma. Ikisoma karibu na 0, ni fezi moja. Ikisoma karibu 400, ni fezi tofauti. Kipimo hicho ni cha umeme ukiwa unawaka, kwa hiyo mwachie mwenye leseni ya EWURA.

---

Nyuzi_za_Kirumba amejibu:

Naongezea kwenye kuchagua adapta.

Kuna familia mbili sokoni: HomePlug, ambayo AV2 yake ni ya mwaka 2012, na G.hn. Haziongei kabisa. Ukinunua moja ya familia hii na nyingine ya ile, kila moja itakaa kimya na utadhani umeuziwa mbovu. Nunua jozi kwenye boksi moja.

Nyingi zinazoandikwa AV1200 kwenda juu hutumia nyaya zote tatu: laini, nyutro na ule wa ardhi wa kijani na njano. Hapo ndipo faida yake ilipo. Lakini umesema nyumba ya nyuma ina fimbo yake ya ardhi na kebo ni ya nyuzi mbili, maana yake waya wa ardhi hautoki mbele kwenda nyuma. Adapta itarudi kutumia nyaya mbili tu, kama mtindo wa zamani. Bado chukua AV1000 au zaidi kwa sababu ya tundu la LAN la gigabiti na masafa mapana zaidi, ila usitarajie ule uzuri wa waya wa tatu. Ubora wa fimbo yenyewe hauhusiki na kasi. Kinachohitajika ni waya usiokatika kati ya soketi na soketi.

Angalia pia plagi. Nyingi zinazoagizwa mtandaoni ni za pini mbili za mviringo, za Ulaya. Ukitumia kibadilishio cha plagi unapoteza waya wa ardhi na unaongeza kiungo kinacholegea. Tafuta za pini tatu bapa, zile za Uingereza, ziingie moja kwa moja kwenye soketi zetu.

Na ziingie UKUTANI. Si kwenye ekstensheni, na hasa si kwenye ekstensheni yenye kinga, kilinda friji, stabilaiza au UPS. Vifaa hivyo vimetengenezwa kuzuia masafa ya juu, na intaneti yako sasa ndiyo masafa ya juu. Kama soketi ni moja tu, nunua adapta yenye soketi usoni. Ekstensheni ichomeke hapo, kwa sababu ndani kuna kichujio kinachozuia kelele za vifaa zisirudi kwenye waya.

---

Ziwa_Usiku amejibu:

Mimi napinga. Mita 25 na tayari kuna kebo ya umeme hewani? Fuata njia hiyohiyo na waya wa LAN wa Cat6 wa nje, umalize kazi. Kikomo chake ni mita 100, unapata gigabiti kamili, hakuna fezi wala chaja ya simu ya kukusumbua.

---

FeziMoja amejibu:

@Ziwa_Usiku, sehemu nyingine ningekubaliana nawe. Hapa kuna radi. Mvua za usiku za ziwa hili unazijua. Majengo mawili, kila moja na fimbo yake, na fimbo hizo zimekaa kwenye mwamba ambao haupitishi umeme vizuri. Radi ikipiga jirani tu, ardhi ya nyumba ya juu na ya chini zinapishana volti nyingi sana kwa muda mfupi, na waya wa shaba wa LAN ndio unaokuwa daraja. Kinachokufa ni tundu la rauta, swichi, na mashine ya kamera kwa mpigo.

Ukitaka kuvuta waya, vuta faiba. Waya mwembamba bapa wa nje, wa uzi mmoja, na vigeuzi viwili vya faiba kwenda LAN. Viwe jozi ya A na B: kimoja kinatuma kwa nanomita 1310 na kupokea 1550, kingine kinyume chake. Ukinunua A mbili havitaonana. Chagua waya ambao viimarisho vyake vya ndani ni vya plastiki ngumu, si chuma. Ule wa chuma wa kubebea upande mmoja ukiwepo, ufungie ndoano za nje tu, ukatwe kabla haujaingia ndani. Vinginevyo umerudisha shaba kwa mlango wa nyuma.

Pawalaini nayo haikwepi radi, iko kwenye umeme wenyewe na haiwezi kukaa nyuma ya ekstensheni ya kinga. Kinga ya volti za radi iwekwe ndani ya DB, aina ya 2, kwenye kila DB. Itakula mawimbi kidogo lakini ni bei ya kulipa. Na mvua kubwa ikianza kunguruma, chomoa adapta pamoja na waya wake wa LAN.

---

Jabali_la_Juu amejibu:

Asanteni sana wakuu. Fundi amekuja, kipimo kimesoma 400 na ushee. Kwa hiyo ni fezi tofauti. Anasema anaweza kuhamisha breka ya soketi za sebuleni ikae fezi moja na nyumba ya nyuma. Kuna la kuangalia?

Pia, umeme ukikatika rauta yangu ipo kwenye UPS. Nyuma itaendelea kupata? Na rimoti ya LUKU ninayoichomeka ukutani haitagombana na adapta? Nilisikia nayo inatumia nyaya.

---

FeziMoja amejibu:

Jambo la kwanza kabisa ni nyutro. Kama DB yako ina kikata-umeme cha uvujaji zaidi ya kimoja, kila kimoja kina ubao wake wa nyutro. Fundi akihamisha laini kwenda kundi jingine na kuiacha nyutro kwenye ubao wa zamani, umeme utatoka kwenye kifaa kimoja na kurudi kwenye kingine, na vyote vitaona kama unavuja. Vitadondoka ukiwasha tu kitu chochote sebuleni. Nyutro ihame na laini yake.

Pili mzigo. Usirundike friji, pasi, pampu ya simtanki na nyumba nzima ya nyuma kwenye fezi moja kwa ajili ya intaneti. Kama sebule ina mzigo mkubwa, afadhali ahamishe breka inayolisha nyuma ifuate fezi ya sebule. Matokeo kwa adapta ni yaleyale.

Umeme ukikatika: hapana. Rauta itabaki hewani, adapta zitazima zote mbili kwa sababu ziko ukutani. Kuichomeka adapta kwenye tundu la UPS hakusaidii, UPS inakata njia ya mawimbi. Inveta inayolisha DB nzima kupitia swichi ya kubadilisha itaziwasha, ila inveta za bei ya chini zina kelele nyingi kwenye waya na kasi itashuka. Vigeuzi vya faiba vinashinda hapa: kila kimoja kwenye UPS ndogo ya upande wake, basi.

Rimoti ya LUKU iache. Baadhi huwasiliana na mita kwa redio, nyingine kwa nyaya za umeme, lakini hizo za nyaya ziko chini kabisa, chini ya kHz 150. Adapta zinaanzia MHz 2, hazikutani. Anayeweza kulalamika ni mzee mwenye redio ya masafa mafupi: adapta zinatumia eneo hilohilo la MHz 2 hadi 28, na redio iliyo karibu itakoroma.

---

Nyuzi_za_Kirumba amejibu:

Kabla hujatupa boksi na risiti, jaribu hivi.

Chomeka adapta zote mbili chumba kimoja kwanza, ukuta mmoja. Bonyeza kitufe cha kuunganisha kwenye ya kwanza, sekunde moja au mbili, halafu ndani ya dakika mbili bonyeza cha ya pili. Usikae umeshikilia, kwenye aina nyingi kushikilia muda mrefu kunafuta kabisa mipangilio. Usiruke hatua hii hata kama zimeonana zenyewe: zikitoka kiwandani adapta nyingi zina nywila moja ileile, na mawimbi hayakomei kwenye mita yako. Jirani wa transfoma hiyohiyo mwenye adapta kama zako anaweza kujikuta ndani ya mtandao wako. Kitufe kinatengeneza nywila mpya ya AES ya biti 128.

Kisha pima kwa iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili, si kwa tovuti ya kupima kasi, maana kifurushi chako ni 30 na hutaona zaidi ya hapo. Kompyuta ya mbele iwe na waya wa LAN, uandike `iperf3 -s`. Ya nyuma uandike `iperf3 -c` na anwani ya ile ya mbele, ongeza `-t 60`. Rudia na `-R` upate upande wa pili. Namba ya chumba kimoja ndiyo dari yako. Hamisha adapta ya pili nyumba ya nyuma, pima tena. Namba inayoonyeshwa na programu ya adapta ni ya kwenye waya, halisi huwa nusu yake au chini ya nusu.

Pima saa mbili usiku taa zote zikiwa zinawaka, si saa nne asubuhi nyumba ikiwa tupu. Kasi ikianguka, chomoa kifaa kimoja kimoja: chaja za simu za bei ya kutupa na taa za LED zisizo na jina ndizo wahalifu wa kwanza, kisha feni zenye kidhibiti cha kasi. Mhalifu aliye soketi ya jirani na adapta anaumiza kuliko aliye mbali.

Halafu acha `ping` (amri inayopima muda wa kupata jibu) ikimbie saa nzima kutoka nyuma kwenda kwenye rauta. Intaneti ya kawaida inavumilia kuyumba, kamera haivumilii. Ukiona majibu yanaruka kutoka milisekunde 5 hadi 300 kila friji au pampu inapowaka, ofisi itafanya kazi lakini rekodi zitakuwa na mapengo.

---

Ziwa_Usiku amejibu:

Basi kwa radi nakubali, faiba. Lakini hata kwa pawalaini, kamera zisitegemee njia hiyo. Nyingi zina tundu la kadi ya kumbukumbu. Weka kadi, irekodi hapohapo, na mashine ya mbele ichukue nakala ya ubora wa chini. Mbps 8 zinashuka hadi 1 au 2.

---

Jabali_la_Juu amejibu:

Hilo sikulifikiria. Adapta zinakula umeme kiasi gani zikiwaka muda wote?

---

FeziMoja amejibu:

Wati 2 hadi 5 kila moja. Chukua 3: mbili ni wati 6, mara saa 24, mara siku 30, unapata uniti 4 na kidogo kwa mwezi. Nyingi husinzia zenyewe kifaa cha LAN kikizimwa, kwa hiyo usishangae asubuhi programu ikisema adapta ya nyuma haipo. Washa kompyuta kwanza, subiri kidogo, itaonekana.