MREJESHO: D-dima ya mzee imesoma 640, je ni hatari?

Wakuu, nilileta hapa majibu ya baba, miaka 68, ana stenti (kibomba kidogo cha kuuacha wazi mshipa) kwenye mshipa wa moyo. Maabara moja mtaani ilimpima D-dima (kipimo cha damu cha kuangalia dalili za damu kuganda) ikasoma 640, wakati karatasi inasema mwisho 500. Mguu nao ulikuwa umevimba, tukaambiwa aanzishwe warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, haraka.

Asanteni mliosema asiguse dawa yoyote kabla ya kuonana na daktari wa moyo. Tulienda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Daktari alieleza kuwa D-dima ni mabaki ya damu iliyoganda ikayeyushwa. Hupanda kwa umri, maambukizi, hata baada ya upasuaji, na haionyeshi kama mshipa wa moyo umeziba. Kwa waliopita miaka 50, madaktari huzidisha umri mara 10, kwa hiyo kwa baba mwisho ni 680. Kwa sababu ya mguu akaagiza ultrasaundi: hakuna bonge la damu.

Warfarini hakupewa. Aspirini na klopidogreli anaendelea nazo, maana hizo ndizo zinazolinda stenti isizibe kwa damu kuganda. (Aliyeshauri kitunguu saumu badala yake, hapana mkuu.)

Uvimbe daktari alihisi unatokana na amlodipini, dawa ya presha ya baba, akaibadilisha. Hapo bado hatujamaliza: mguu umepungua kiasi, ila presha imepanda, tunarudi kliniki kurekebisha dozi. Fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) mliyoshauri tupime tuliiacha, daktari alisema haitabadilisha matibabu yake.

Shukrani sana, hasa kwa dada nesi aliyenijibu usiku ule.