"TOA UCHAFU HUU, WAGENI WANAINGIA!" Yule bwana wa mradi leo amenimaliza

Mama Vifuniko, Langoni (saa 1:52 usiku)

Asalaam aleikum. Sijala, sijavua hata buibui, naandika huku mkono unatetemeka. Yule bwana wa mradi mnamjua wote, sina haja ya kumtaja. Yule wa kitambulisho shingoni, anayelala nacho, anayeoga nacho, siku akifa atazikwa nacho. Leo amenivunjia heshima mbele ya Lamu nzima na nusu ya Ulaya.

Nilialikwa. Barua ninayo hapa, ina muhuri: mkutano wa ushirikiano wa kimataifa kuhusu matumizi bora ya rasilimali na uchumi wa mzunguko (yaani kitu kitumike tena na tena, kisiwe taka), "tafadhali njoo na mfano wa kazi yako". Nikaenda na mfano wa kazi yangu. Gunia zima la vifuniko vya chupa. Wiki tatu nimeinama ufuoni Shela mpaka mgongo umekuwa ndoana. Nimeviosha, nimevianika darini, nimevipanga kwa rangi, kila rangi na mfuko wake wa wavu: bluu, nyekundu, vyeupe, na vile vya rangi ya chungwa ambavyo ni adimu kama mvua ya Januari. Hamali nimemlipa mimi.

Nafika mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Anakuja mbio kama kaona nyumba inaungua. Salamu hakuna. Akashika gunia, akalivuta, akasema kwa sauti ya kufikia Manda: "Toa uchafu huu, wageni wanaingia!"

Uchafu! Mkutano ni wa taka, mabango ni ya taka, wageni wamepanda ndege mbili na boti kuja kusikia habari za taka, halafu taka yenyewe, safi kuliko masufuria ya kwake, inafukuzwa mlangoni. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo mgeni kaja, mwenyeji kafukuzwa na gunia lake.

Nikakaa nyuma kama mwana yatima. Kila kiti kina chupa mbili za plastiki za maji, nusu lita nusu lita. Nimezihesabu: themanini na nne. Mgeni mmoja, mama wa watu mwenye adabu zake, akaeleza kuwa mwaka 1970 dunia ilikuwa ikichimba na kuvuna kama tani bilioni 30 za malighafi kwa mwaka, na sasa imepita bilioni 100, ndiyo maana hakuna nchi itakayoliweza jambo hili peke yake. Akasema Kenya imo katika ule muungano wa kimataifa wa uchumi wa mzunguko ulioanzishwa Februari 2021, wenyewe wanauita GACERE. Maneno mazuri, na nilitaka kuyasikia. Lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa neno moja: toa uchafu huu, toa uchafu huu.

Na nilikuwa na la kuwaonesha! Nilikwenda na beseni. Ukate kipande cha chupa, ukitie majini pamoja na kifuniko chake. Chupa inazama, kifuniko kinaelea. Si plastiki ya aina moja, na ukiziyeyusha pamoja unapata kitu kinachokatika kama mkate wa juzi. Hilo nimelijua kwa mikono yangu, si kwa semina. Nilitaka dakika mbili tu. Nikapewa "toa uchafu huu".

Sasa sikilizeni. Natoka, gunia liko nyuma ya ukumbi karibu na jenereta, punda amelikanyaga, limepasuka. Vifuniko vyote mtaroni. Na mtaro ule mnajua unamwaga wapi. Nikashuka mpaka gatini, maji yanakupwa, nikaviona vile vya rangi ya chungwa vinaelea, kimoja kimoja, vinatoka. Nimevitoa baharini kwa mkono wangu. Mradi umevirudisha.

Toa uchafu huu! Mimi!

Nahodha Mstaafu (saa 1:58)

Pole sana mwanangu. Mato yangu yaliona jahazi ya Flipflopi ikizinduliwa hapa hapa Lamu, Septemba 2018. Imejengwa kwa plastiki iliyookotwa, ubavuni slipa kama elfu 30, za kila mguu na kila rangi. Mwaka uliofuata ikatweka tanga mpaka Unguja. Watu walicheka mwanzo, baadaye wakapanga foleni kupigwa picha nayo. Slipa chakavu za watu tusiowajua zilipokewa kwa ngoma, na vifuniko vilivyooshwa vinafukuzwa? Huyo bwana mimi nilimjua akiwa mtoto, alikuwa akiogopa hata kushika ngisi.

Kijana wa Mkomani (saa 2:03)

Mama nawe umezidi. Gunia? Kwenye ukumbi wenye mazulia? Mfano ni vifuniko vitano kwenye sahani. Ulitaka wageni wakae wapi, juu ya gunia?

Mama Vifuniko (saa 2:04)

Barua haikusema sahani. Na hata ungekuwa mfano wa sahani, mtu haambiwi "toa uchafu huu". Anaambiwa "mama, tulitie hapa pembeni". Maneno manne tu! Ulimi ungemkatika?

Bi Mkubwa wa Pwani (saa 2:06)

Yule bwana hana dogo. Mwaka jana alitufundisha saa tatu nzima jinsi ya kutumia kitu mara ya pili. Sisi! Debe la mafuta kwetu limekuwa ndoo, likawa chungu cha mrehani, likawa kifuniko cha kisima. Gunia la mchele limekuwa shogi la punda. Mimi nimeolewa na kanga ya bibi yangu, na bado ipo, sasa ni nepi ya mjukuu. Mwisho wa semina akatugawia mikoba mipya.

Mwalimu wa Jiografia (saa 2:11)

Tuwe wakweli lakini. Machi 2022 nchi 175 zilikubaliana pale Gigiri, Nairobi, ziandike mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Wakaenda Busan, Korea Kusini, mwishoni mwa 2024, hawakumaliza. Wakaenda Geneva Agosti 2025, wakatoka mikono mitupu. Upande mmoja unataka plastiki ipunguzwe kuanzia kiwandani, upande wa pili, hasa nchi zenye visima vya mafuta, unataka tuzungumzie kuzoa taka tu. Wakalimani, mawakili, mabalozi, wote wameshindwa. Dada, wewe umeshindwana na mtu mmoja mlangoni, unatuwekea uzi kama wa msiba.

Mama Vifuniko (saa 2:13)

Geneva hakuna aliyenyang'anywa gunia mwalimu! Na hao wanaosema tuzoe tu, nani anazoa? Ni mimi! Mzoaji ndiye huyo kafukuzwa!

Fundi wa Malindi (saa 2:19)

Hapo mama umepiga kwenye mfupa. Tangu tarehe 1 Januari 2021, Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka hatari kati ya nchi, unasema plastiki chafu iliyochanganyika haipelekwi nchi nyingine mpaka nchi inayopokea ikubali kwanza. Kwa nini? Kwa sababu wenye nazo walikuwa wakiwatupia wasio nazo. Sasa wewe umeleta safi, imepangwa, na bado imekataliwa bandarini. Huyo bwana ni mkali kuliko Basel.

Ila nyinyi watu wa Lamu mnadekezwa. Kila mgeni akishuka ni Lamu, Lamu, kwa kuwa mji wenu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Huku Malindi sisi mto Sabaki ukifurika unatuletea plastiki kutoka bara mpaka ufuo hauonekani, na mikutano hatuitwi hata ya kufukuzwa.

Kijana wa Mkomani (saa 2:21)

Malindi mna barabara, mna kiwanja cha ndege mjini, lori linafika mpaka mlangoni. Sisi kilo moja ya plastiki inapanda boti mpaka Mokowe, ishuke, ipande lori, ndipo ianze safari ya Mombasa. Nauli inakula bei yote. Msitulinganishe.

Fundi wa Malindi (saa 2:22)

Lori gani linafika mlangoni? Njoo uone. Labda mlango wa gavana.

Kibarua wa Mokowe (saa 2:30)

Mnazungumzia gunia, mimi nazungumzia posho. Mkutano uliopita wa bwana huyo huyo nilisaini karatasi mara mbili, ya nauli na ya chakula. Mpaka leo sijaona hata thumuni. Sambusa zenyewe zilikuwa za jana, ndani kitunguu kitupu.

Bi Mkubwa wa Pwani (saa 2:32)

Zile sambusa! Nilidhani ni mimi peke yangu! Nani alizipika?

Kibarua wa Mokowe (saa 2:33)

Shemeji yake.

Muuza Samaki (saa 2:37)

Na sisi mtutetee. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, faini mpaka milioni nne au jela miaka minne. Sawa, tumeacha. Lakini mteja anakuja mikono mitupu, anataka kolekole wa kilo tatu, nimfungie kwa nini, kwa dua? Nikimwambia alete kikapu ananitazama kama nimemtukana mamake. Wafumaji wa Matondoni wapo, vikapu vya ukili wanavyo. Mkutano wa kimataifa ungeanza na hilo.

Mama Vifuniko (saa 2:39)

Jamani naomba turudi kwenye gunia langu. Wiki tatu! Mgeni yule mwenye adabu mwishoni aliuliza, "Wakusanyaji wa plastiki wako hapa?" Na bwana yule akajibu, mbele yangu, "Wamealikwa, wengine hawakuweza kufika." Nimekaa safu ya nyuma, naonekana kama mnara! Nikasimama niseme, kipaza sauti kikazimwa. Toa uchafu huu wageni wanaingia, halafu hawakuweza kufika!

Mwenye Punda (saa 2:44)

Samahanini nyote. Huyo punda aliyekanyaga gunia nyuma ya ukumbi ni wa kijivu, sikio la kushoto limechanika?

Mama Vifuniko (saa 2:44)

Ndiye.

Mwenye Punda (saa 2:46)

Ni wangu. Hakukanyaga tu, amekula. Tangu magharibi hali majani, anajitazama ubavuni, anataka kulala. Mdomoni nimetoa uzi wa wavu wa bluu.

Nahodha Mstaafu (saa 2:47)

Usimwache alale! Wavu ukijikunja tumboni ni mauti. Wangu alikufa hivyo, walimpasua wakakuta mifuko mitatu.

Bi Mkubwa wa Pwani (saa 2:48)

Mtembeze polepole. Na usimtie mafuta ya kupikia mdomoni kama wanavyosema watu, yataingia mapafuni.

Kijana wa Mkomani (saa 2:49)

Mpeleke hospitali ya punda sasa hivi. Nakuja kukusaidia, uko mtaa gani?

Fundi wa Malindi (saa 2:50)

Tupe habari ndugu. Huku tumekaa tunasubiri.

Mama Vifuniko (saa 2:51)

Mifuko ya wavu ilikuwa mipya, nimeinunua kwa pesa zangu. Nani atanilipa?

Mwenye Punda (saa 2:55)

Niko nyuma ya soko. Kijana amefika, anamsukuma, mimi navuta kamba.

Muuza Samaki (saa 2:57)

Mimi nina taa kubwa, nawatangulia.

Mwenye Punda (saa 3:04)

Tunakwenda. Anasimama kila hatua kumi, lakini hajalala.