Mtu mmoja akipoteza mtandao Newala, ndio seva nzima ilale?

Wakuu, nipo Mtwara mjini na leo nina hasira, mnivumilie.

Msimu wa korosho umechanganya, magunia yamefika hadi mlangoni mwa ghala, halafu mfumo wa kupokea uzito kutoka vijijini unaganda. Tena kwa wote: Masasi hawaingii, Tandahimba hawaingii, Nanyamba ndio kabisa. Ukimpigia aliyetuuzia, jibu ni lile lile: "Mtandao wa huko kwenu." Sisi wa Kusini tumeshazoea kusingiziwa.

Juzi usiku nikaamua kuupima mwenyewe. Nikafungua telneti (kiprogramu cha kujiunga na seva kwa mkono) kwenye poti ya seva, yaani mlango wake wa kupokea wateja, ikaunganisha, sikuandika hata herufi. Nikatoka kwenda kula pweza. Narudi, kijana wa Masasi yupo hewani: "Kaka, umezima seva?" Nikafunga lile dirisha, hapo hapo wote wakaingia. Nikarudia mara 3, mambo yale yale.

Nikaifungua programu ya muuzaji kwa ILSpy (inaonyesha msimbo uliomo ndani ya programu za .NET, jukwaa la Microsoft), nikachoka. Kwenye TLS (ulinzi wa mawasiliano kwa usimbaji) mteja ndiye anayeanza kusema, kwa hiyo seva ikiita AuthenticateAsServer, amri ya .NET ya kuanzisha ulinzi huo, inakaa kungoja salamu. Huyu bwana kaiita kwenye uzi ule ule unaopokea wageni (uzi wa programu, yaani mfululizo mmoja wa kazi, moja baada ya nyingine, sio huu wangu wa jukwaani), tena bila ukomo wa muda. NetworkStream, njia ya .NET ya kusoma data ya mtandao, usipoiwekea ukomo inangoja milele! Simu ya Newala ikikata kabla ya kusalimia, seva inabaki imekodoa macho, foleni inajaa nyuma. Na msiniambie kipalaivu ya TCP (ukaguzi wa kama upande wa pili bado umeunganishwa), hata ukiiwasha, kawaida yake inakaa kimya saa 2 ndipo iulize "bado upo?"

BeginAuthenticateAsServer ipo tangu .NET 2.0, mwaka 2005. Inaanzisha mazungumzo na kurudi papo hapo, seva ikaendelea na wengine. Ila humo ReadTimeout (ukomo wa muda wa kusoma) haifanyi kazi, saa ya kumkata mtu unaweka mwenyewe. Siku hizi kuna AuthenticateAsServerAsync, unaipa tokeni ya kusitisha, sekunde 10 zikipita bila kitu, kwaheri. Kazi ya mchana mmoja!

Nimemtumia video ya jaribio zima. Kajibu "tutaangalia baada ya msimu", na chini kaambatanisha ankara ya matengenezo.

Kuna aliyewahi kumbana muuzaji wa hivi akatoa msimbo? Alipitia wapi? Kwa sasa tumemweka dogo pembeni ya seva, kazi yake kuiwasha upya kila ikiganda. Jana kaiwasha mara 14.