Naomba ushauri: filamu ya Elvis, ya 1970 au ya 2001?

Jamani, babangu anatimiza miaka 75. Nataka kumwonyesha Elvis: That's the Way It Is, filamu ya maonyesho ya mwimbaji wa Marekani Elvis Presley, uani kwetu Majengo, jioni baada ya Isha. Ilipigwa Las Vegas Agosti 1970, mwaka mmoja baada ya Elvis kurudi jukwaani. Ukitoa kile kipindi cha televisheni cha 1968, hakuwa ameimbia hadhira tangu 1961. Miaka yote hiyo!

Sasa ziko mbili, ya awali na iliyohaririwa upya. Ya 1970 ina mahojiano mengi ya mashabiki, ya 2001 imepunguza maneno ikaongeza nyimbo. Mzee Kiingereza hakimpandi, ila enzi zake alipiga gita harusini, na mazoezi ya bendi atayapenda mno. Nichague ipi? Na spika moja ya kukodi itatosha watu thelathini?