Naomba ushauri: nibadili feni ya injini niweke ya umeme?

Habari zenu, ndugu zangu. Nina pikapu ya dizeli ambayo feni yake huzungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni (kiungo kinachoishika feni izunguke kwa nguvu joto likipanda), na siku hizi kila ninapopanda mlima Kitonga na mzigo, mshale wa joto hukaribia alama nyekundu, ingawa kwenye tambarare hutulia katikati. Nikiizima injini ikiwa ya moto, feni huzunguka kwa kidole bila ukinzani, ndiyo maana naishuku klachi. Fundi wangu anashauri niing'oe na kufunga feni ya umeme, eti nitaokoa mafuta. Mimi nahofia alteneta (jenereta ya gari) kuelemewa usiku taa zikiwaka, au relei (swichi ya kuwashia feni) kuungua katikati ya mlima. Je, aliyewahi kubadili kwenye gari la mizigo alinufaika, au ninunue klachi mpya tu?